Kifuniko Sikukikaza Mimi

Ile sauti imenifikia. Imenifikia kutoka Maweni, ikanifikia kutoka Mombasa, na jana usiku nikaletewa na binamu yangu aliyeko Muscat, mtu ambaye hatujasemezana tangu arusi ya dadake. Hata salamu hakunipa. "Ni kweli ulimmwagia mama mkwe matumbo ya samaki?"

Basi nimekaa kitako niandike. Shoga yangu aliyerekodi ile sauti (simtaji, mwenyewe anajijua, na nyinyi mmeshamjua kwa kicheko chake) amesimulia mambo yote. Amesimulia harufu. Amesimulia kofia ya Ami. Paka amewapa nafasi kuliko mie mwenye nyumba. Lakini isikilizeni tena mpaka mwisho, halafu mniambie kama mmesikia akitaja kifuniko cha mtungi wangu wa mbolea. Hakukitaja. Amekiruka, na kifuniko ndicho kesi yenyewe.

Mlio nami zamani ua wangu mnaujua, mliuona tangu ni mchanga na mawe ya matumbawe na mti mmoja wa mwarobaini uliojiotea. Wageni nitawapitisha haraka. Nyasi zangu ni za Pemba, zile za jani pana zinazotambaa, zinazovumilia mchanga wetu wa Malindi na chumvi ya maji ya kisima. Mbegu hazitaki, unachomeka vipando tu masika yakianza, unazingoja. Mashine ya petroli sina wala siitaki, nina fyekeo. Nikifyeka siondoi zaidi ya theluthi ya urefu wa jani, na nilichokikata nakiacha hapo hapo kioze, maana naitrojeni nyingi imo humo na wenzangu mnaifagia mnaipeleka motoni. Ndiyo, nawasema nyinyi. Kila jioni mtaa mzima moshi, macho yanawawasha, halafu kesho mnaenda dukani kununua mbolea. Mie majani makavu yanakwenda chini ya mipapai, makumbi ya nazi nayapanga kuzunguka mashina yazuie unyevu usipotee, na maji namwagia alfajiri, mengi kwa mara chache, ili mizizi ishuke chini kuyatafuta badala ya kukaa juu ikidekezwa.

Mume wangu husema nazilea nyasi kuliko ninavyomlea yeye. Si kweli. Nyasi hazilalamikii chumvi.

Viwavi vilipoingia wakati wa mvua, mliniona: majani ya mwarobaini nikayatwanga, nikayaroweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo ishike, nikanyunyiza magharibi kwa sababu jua linaua nguvu yake. Watu mlipenda. Mkanisifu. Na sifa zenu ndizo zilizonifikisha hapa, nataka mjue hilo pia, lawama tugawane.

Haya, mbolea.

Mbolea yangu ni ya samaki. Naenda ufuoni mashua zinapotua, nachukua kile ambacho hakuna mtu anakitaka: matumbo, mapezi, vichwa vya vidagaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 naenda na ndoo yangu ya mfuniko, na wale wavuvi wameshanizoea, wananipisha njia kwa heshima ambayo baadaye nilikuja kugundua si heshima. Nyumbani nachanganya na molasi, uzani kwa uzani, natia kwenye mtungi wa plastiki wa lita 20, siujazi mpaka juu, naweka kivulini. Na kifuniko, jamani, nisikilizeni vizuri hapa, kifuniko nakiegesha tu. Sikikazi. Vile vijidudu vinavyochachusha vinatoa hewa mchana na usiku, kaboni dioksaidi, na hewa haina adabu, ikikosa mlango inajitengenezea. Nilishawaandikia. Shoga yangu nilishamwambia kwa kinywa changu, akitafuna mahamri yangu, akaitikia kwa kichwa.

Mbolea ikiiva inageuka rangi ya ukwaju mzito, na harufu yake, wallahi, haitishi: siki siki hivi, na samaki kwa mbali. Vijiko viwili vya chai kwenye ndoo ya maji ya lita 10, basi. Nyasi zinajibu zenyewe.

Wakwe wakapiga simu kutoka Lamu. Wanakuja kututazama. Mama mkwe, dadake ambaye sote tunamwita Khale, na Ami wa mume wangu. Boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, na mie hapa nasugua mpaka upande wa chini wa meza. Nikamwita shoga yangu anisaidie. Mie jikoni na nazi, yeye nje kufagia.

Sasa alichokifanya huko nje nimekuja kukijua baadaye, lakini nawaambia mapema ili msome mengine yote mkiwa na haki mkononi. Aliuona mtungi chini ya ukuta. Akaunusa. Akasema moyoni mwake kwamba wageni watasema nini. Akakikaza kifuniko. Kwa mikono miwili, na leso juu yake isiteleze. Halafu, na hapa ndipo ninapokosa hata la kumwita, akauburura mpaka juani nyuma ya mpera, ati usionekane. Mtungi mchanga, haujaiva hata nusu, wakati hewa inatoka kwa fujo, ukakazwa, ukawekwa juani, na jua la Malindi mnalijua. Amekiri mwenyewe. Ujumbe wake ninao, nimeuhifadhi, na msinichokoze nitautoa.

Wageni wakafika, wakapumzika, wakala. Baada ya Alasiri nikatandika mkeka nje juu ya nyasi. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu yote, wacha nisijifiche. Kusi inavuma taratibu, kaimati kwenye sinia, kahawa tungu, nyasi zimekolea kijani. Nilikuwa namngoja Mama aseme kitu.

Mama mkwe akatazama kulia. Akatazama kushoto.

"Punda wenu yuwapi?"

Nikamwambia hatuna punda, Mama.

"Hamna?"

"Hatuna."

Mnaelewa mwanamke huyu ametoka wapi. Lamu mjini mizigo inabebwa na punda, vichochoro vyenyewe gari haliingii, nyumba imejengwa na kiwanda chake ndani, yaani ua, cha mawe na chokaa, na nyasi zikionekana mahali ni kwa sababu kuna anayezila. Akazipapasa kwa kiganja. "Sasa hizi zote za nani?"

"Ni za kutazama, Mama."

Akazitazama. Alizitazama kwa haki kabisa, sikumdai kitu. Akasema, "Haya, nishazitazama," akachukua kaimati.

Hapo shoga yangu akacheka kile kicheko. Mie ndani nimekauka. Khale, Mungu amzidishie, ndiye aliyeniokoa, au tuseme ndiye aliyenimaliza, kwa sababu alivua ndara, akakanyaga nyasi kwa nyayo tupu, akafumba macho, akasema, "Lo! Mwanangu, wazinywesha mai gani hata zikawa hivi?"

Nikafunguka. Niliwapa somo zima. Nilianzia kwa wavuvi nikamalizia kwa vijiko viwili vya chai. Khale anasikiliza, Mama anatafuna, Ami anatikisa kichwa kwa ukarimu tu, masikio yake yamekuwa mazito siku hizi. Khale akasema asumini yake ya kwenye chungu, kule darini kwake, majani yamekuwa manjano na maua hayatoshi hata kikuba kimoja. Akasema, "Nitilie kidogo kwenye chupa."

Angeniomba pete ningempa. Mbolea iliyoiva ilikuwa imekwisha, nikasema nitampa hii changa, aende akaimalizie Lamu. Ningeweza kuimimina kule kule nyuma ya nyumba. Chupa ninayo, faneli ninayo, mikono ninayo. Lakini nilitaka Mama aione rangi. Nikaubeba ule mtungi kwa mbwembwe zote nikauleta mpaka ukingoni mwa mkeka.

Nilipoutua haukutulia.

Mtungi mliouzoea una kitako bapa. Wangu ulikuwa unayumba. Pembe zake zimepotea, mbavu zimesukumwa nje, kitako kimetoka kitumbo. Umevimba kama bunju. Na mie nilivyokuwa nimejaa sifa za Khale, tulikuwa tumevimba wawili pale. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilijiambia kuwa ni joto.

Nikashika kifuniko. Hakizunguki. Nikashangaa, maana kifuniko nilichokiacha mie kinaondoka kwa kidole kimoja. Nikamtazama shoga yangu. Shoga yangu akatazama simu yake. Nawaomba mkumbuke jinsi alivyoitazama ile simu, kwa sababu hapo ndipo alipojua, na hakusema.

Nikaupakata, nikaubana kwa magoti. Nikaviringisha pembe ya leso juu ya kifuniko. Nimekaa upande wa kusini wa mkeka, kusi inanipiga mgongoni, mdomo wa mtungi umeelekea kaskazini, na kaskazini, kwa mpangilio, wameketi: Mama mkwe na kaimati yake, Khale na chupa tupu mkononi, Ami na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakata, na kichwani kofia ya Lamu ya kushonwa kwa mkono, vitobo vidogo vidogo, ile kazi inayomla mtu miezi na macho. Ningekaa upande wa pili, upepo ungenirudishia mie mwenyewe na leo pasingekuwa na hadithi.

Nusu mzunguko. Ikatoka sauti nyembamba, tsssss.

Khale akasema, "Wapumua huo."

Ami, masikini, akasikia kuna jambo lakini hakusikia ni jambo gani. "Nini?" akauliza. Akajiinamia. Akasogeza kichwa, akalitega sikio lake zuri, karibu kabisa, na vile vitobo vya kofia navihesabu mie. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ami, rudi nyuma." Maneno yenyewe ni matatu tu. Mdomo nikaufungua.

Kifuniko kikaondoka.

Sisemi kilifunguka. Kiliondoka. Tumekikuta kesho yake juu ya paa la makuti la jirani, na ilibidi ngazi.

Kwanza haukutoka uchafu, ulitoka upepo, na ule upepo ukamfunua Ami kofia kwa nyuma, ikasimama wima juu ya utosi. Kisha likaja povu, jeupe, jepesi, halitishi, nikapata muda wa kufikiri kwamba labda ni hilo tu. Kisha ikapanda nguzo ya rangi ya ukwaju, unene wa mkono wangu, ikapita usawa wa macho ya kila mtu, ikafika juu, na pale juu, naapa, ikasita. Tuliitazama sote. Ndani yake niliona pezi. Niliona kichwa kizima cha kidagaa, na jicho lake, na jicho lile likanitazama kabla kusi haijaisukuma nguzo yote kwa pamoja kule iliko heshima yangu.

Mama mkwe kaimati ilikuwa imefika nusu ya njia kwenda kinywani. Hakuiangusha. Alifumba macho, ikamshukia buibui lake la safari kuanzia kilemba cha mtandio mpaka magotini, na kaimati ikapata shira ya pili. Khale alikuwa bado ameshika chupa, na niwaambie ukweli, chupa iliingia kidogo. Ami ile kofia iliyosimama ikaanguka mahali pake, sawa sawa, na pezi likaja likakaa mbele, katikati, likaingia kwenye kitobo na kusimama.

Na mtungi haujamaliza. Unatema, unapumzika, unatema. Basi mie nikafanya ambalo mkono wa mtu yeyote ungefanya: nikaziba mdomo wake kwa kiganja.

Mliowahi kuziba mpira wa maji kwa dole gumba, mnajua. Ilichanua. Ikatoka ubapa kushoto na kulia kwa kasi mpya, kulia ikampata shoga yangu kifuani na kwenye simu (hili nalo kwenye sauti yake hamlisikii), kushoto ikavuka ukuta, ikazifikia shuka nyeupe za jirani zilizoanikwa tangu asubuhi na karibu zikauke.

Kisha kimya. Povu linapasuka pasuka juu ya nyasi. Kunguru mmoja akalia juu ya mpera, akajibiwa, akajibiwa tena. Na paka wa kwanza akatokea ukutani, akakaa, akatutazama kwa mapenzi ambayo mimi katika maisha yangu sijawahi kutazamwa. Nyuma yake wakaja wengine. Paka wa Malindi walio karibu na ufuo hawahitaji kualikwa. Mmoja alitembea moja kwa moja, hakubabaika, akapanda mapajani mwa Ami akaanza kulamba kanzu. Na Ami, kwa ustaarabu wa watu wa Lamu, akampapasa.

Mama mkwe akafungua jicho moja. Akaliangalia pezi la Ami. Akaniangalia mimi, mtungi bado magotini, kiganja bado kimeziba. Akasema polepole, hakupandisha sauti:

"Sasa nimejua punda wenu amekimbilia wapi."

Yaliyofuata ni maji tu. Maji, sabuni ya kipande, ndimu za mtaa mzima. Siki kwenye buibui. Shoga yangu akapata wazo la kufukiza udi, sasa udi juu ya samaki aliyechacha unatoa harufu ya tatu ambayo haina jina na mapazia bado yanayo. Shuka za jirani nilizifua mie kwa mkono, jirani mwenyewe kibarazani akinisimamia. Mume wangu alirudi kutoka msikitini, akasimama langoni, akavuta pumzi moja, akarudi msikitini. Kofia ya Ami imeoshwa, imewambwa juu ya bakuli, imekauka, ameivaa kurudi nayo Lamu, na kwenye basi, nasikia, walipata viti vya peke yao na madirisha yote.

Mnaouliza kuhusu nyasi, na mko wengi, nashukuru kwa kujali kilicho muhimu: pale mtungi ulipomwagika zimeungua. Ndivyo inavyokuwa, mbolea ikigusa mizizi bila kuchanganywa na maji inaikausha badala ya kuilisha. Nimepamwagia maji mengi yaendelee kuizimua na kuishusha, sikufukua, sikupanda upya, na zile za pembeni zimeshaanza kutambaa kuingia. Mtungi wenyewe mmepata kuuliza kama nimeutupa. Nimeutupa kwa sababu gani? Ulikuwa na robo imebaki. Upo kivulini, kifuniko kimeegeshwa, na juu ya ukuta nimeandika kwa chaki USIKAZE, na chini yake jina la mtu nisiyemtaja.

Khale amenipigia leo asubuhi. Nilipoona namba yake nilitaka kuacha simu ilie mpaka ife. Nikapokea, nikaanza kuomba radhi upya tangu mwanzo, akanikata. Kile kilichoingia kwenye chupa alikwenda nacho, akakizimua kwa vijiko nilivyomwambia, akaimwagia asumini. Vichomozi vipya vimetoka. Anataka nyingine, na dadake wa pili anataka, na jirani yao mwenye mlangilangi naye anataka.

Nimeshakwenda kwenye basi. Utingo ameinusa chupa, akaniuliza kama mie ni jamaa wa wale abiria wa juzi, akanirudishia. Kwa hiyo yeyote anayepanda Lamu wiki hii kwa gari lake, na ana mafua, tafadhali aniandikie. Nauli ya boti ya Mokowe nalipa mie.